Muulize Fundi wa Parachuti: Rubani, Daktari na Spana

Mwezi jana nilitaja kwa kupita tu kwamba kabla sijarudi Nakuru kufuga kuku, nilikuwa fundi wa vifaa vya marubani katika kambi ya jeshi la anga Nanyuki. Kofia, barakoa za oksijeni, mavazi ya kubana miguu, parachuti, vyote vilipitia mikononi mwangu. Sikudhani kuna mtu angejali. Barua zikamiminika. Nimechagua sita, na ile ya karoti nimeijibu kwa ufupi kwa sababu swali lenyewe ni fupi, si kwa sababu aliyeuliza ni wa Molo.

Shikamoo mzee. Niko kidato cha tatu, shule moja hapa Njoro. Nataka kuwa rubani wa jeshi, lakini kaka yangu ananiambia daktari huwarudisha nyumbani watu wengi kuliko mtihani wa hesabu. Kwa nini daktari awe na sauti kubwa hivyo na rubani huketi tu?

Marahaba, mjukuu wangu. Kaka yako anajua asemalo. Mimi mwenyewe nilirudishwa na daktari. Ilikuwa mwaka 1986, nilikuwa kijana mwenye miguu mirefu na alama nzuri za fizikia. Daktari akanifunulia kile kitabu cha madoadoa ya rangi kilichotungwa na Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Wenzangu kwenye ukurasa mmoja walisoma 74. Mimi nikasoma 21, tena kwa sauti ya kujiamini. Daktari akafunga kitabu taratibu. Nyekundu na kijani kwangu ni ndugu wa tumbo moja, na hadi leo mke wangu hanitumi sokoni kununua nyanya. Ndivyo nilivyoishia kwenye chumba cha parachuti.

Sasa hiyo ya kuketi tu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, wengi walifikiri kama wewe. Katika ndege nyingi za Wajerumani za viti viwili, rubani alikuwa askari wa cheo cha chini, kama dereva wa gari la farasi, na ofisa ndiye aliyeketi na darubini akitazama maadui. Kijana aliyejua kupanda farasi alihesabiwa kuwa atafaa. Kumbe kule juu kulikuwa na mambo ambayo farasi hayajui. Injini nyingi za wakati huo zilizunguka zenyewe pamoja na pangaboi, na zililainishwa kwa mafuta ya mbarika. Mafuta hayo yalirushwa nyuma usoni pa rubani, akayavuta puani na kuyameza. Bibi yako atakueleza mafuta ya mbarika yanafanya nini tumboni.

Jambo zito zaidi lilikuwa hewa. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika mita 5,500, juu kidogo ya kilele cha Mlima Kenya, kanieneo ya hewa imebaki nusu ya ile ya Mombasa. Na ubongo ukikosa oksijeni hauumi, mjukuu wangu. Unafurahi. Mwaka 1875 Wafaransa watatu walipanda kwa puto lililoitwa Zénith hadi zaidi ya mita 8,000. Walikuwa na oksijeni kwenye mifuko, lakini raha ile ya ulevi iliwazidi, hata mkono wa kuufikia mpira wa kupumulia haukuinuka. Wawili walifariki. Wa tatu, Gaston Tissandier, alishuka hai lakini masikio yake hayakusikia tena.

Kwa hiyo mwaka 1918 Wamarekani walifungua maabara Mineola, karibu na New York, ya kupima marubani tu. Kijana alipumua kwenye mashine iliyopunguza oksijeni kidogo kidogo huku akipewa kazi za mikono, wakatazama ni saa ngapi ataanza kubabaika. Waliwazungusha pia kwenye kiti ili kujua sikio la ndani limetulia au la. Wakati huo daktari alikuwa bawabu: anaangalia nani apite na nani abaki nje. Ndege haikubadilishwa hata msumari. Aliyechujwa ni mtu.

Soma fizikia, na umeze kiburi chako ukifunuliwa kitabu cha madoadoa.

Misawa, mzee. Mimi ni dereva wa matatu, naendesha Kisumu–Nakuru kutoka Kondele. Kila siku nakata kona za Kericho na Mau Summit na sijawahi kuzirai. Mbona husikika kwamba rubani wa ndege ya kivita akikata kona anazirai? Ni woga?

Misawa ahinya, dereva. Woga haumo humo. Tofauti ni upande ambao nguvu inakuja. Wewe ukiikata kona, abiria wanasukumwa ubavuni. Wanalaliana, mama mmoja anakutukana, mnaendelea. Ndege hulala ubavu kwanza, kisha rubani anavuta mkono wa usukani, na uzito wote unashuka kutoka utosini kwenda nyayoni. Ndege ikilala nyuzi 60 na kuzunguka bila kupoteza kimo, kila kilichomo kinakuwa na uzito mara 2. Marubani huita hiyo jii 2. F-5 tulizokuwa nazo Nanyuki ziliundwa kuhimili zaidi ya jii 7, na F-16 ya Wamarekani hufika 9. Kwa jii 9 mtu wa kilo 70 amekuwa wa kilo 630, na kichwa chake na kofia vinapita mfuko wa saruji.

Damu nayo inakuwa nzito vivyo hivyo. Moyo ni pampu, na kichwa ni tangi la ghorofani. Presha ikishuka mtaani, anayekauka kwanza ni mpangaji wa juu. Macho ndiyo hutangulia: rangi zinafifia, kisha unaona kama kupitia bomba, kisha giza. Rubani bado anasikia na kufikiri, ila haoni. Akiendelea kuvuta, ubongo una akiba ya sekunde chache tu, halafu anazima. Na akizinduka hajui yuko wapi. Huchukua sekunde nyingine kadhaa kukumbuka kwamba yeye ni rubani, huku ndege inaelekea ardhini.

Aliyelitafutia dawa jambo hili alikuwa mtafiti wa saratani, Wilbur Franks, wa Toronto, Kanada. Mirija yake ya kioo ilikuwa ikivunjika kwenye mashine ya kuzungusha, na akagundua kwamba ikiwekwa ndani ya maji haivunjiki. Akajiuliza, je, mnyama? Akachukua panya, akawatia ndani ya kondomu zenye maji, vichwa nje, akawazungusha hadi zaidi ya jii 100. Panya wakatoka wakitembea. Msinicheke, ndivyo sayansi inavyokwenda. Kutokana na panya hao akashona vazi la tabaka mbili za mpira lenye maji katikati, la kubana miguu na tumbo ili damu isikimbilie chini. Marubani wa jeshi la maji la Uingereza walilivaa vitani Novemba 1942, kule Oran, Aljeria. Baadaye maji yakaachwa, ikawekwa hewa kutoka kwenye injini.

Mavazi hayo ya hewa ndiyo niliyoyatunza mimi. Niliyajaza upepo, nikayapaka maji ya sabuni, nikatafuta povu. Kazi ya fundi wa pancha, ila pancha hii ikikuponyoka huwezi kuegesha pembeni. Na vazi lenyewe huongeza kama jii 1 tu, au 1 na nusu. Iliyobaki ni jasho la rubani: kukaza mapaja, makalio na tumbo kama mtu anayesukuma gari lililokwama, na kuiba pumzi ya haraka kila baada ya sekunde 3. Nimewaona vijana wakishuka ngazi baada ya zoezi, ovaroli imelowa kama walionyeshewa, mmoja akiniomba nimshikie kofia kwa sababu shingo imegoma.

Kufikia hapo daktari alikuwa amemvuta mwanadamu hadi mwisho wa kamba. Ndege bado ilikuwa na nguvu za kuongeza. Ikawa zamu ya mhandisi. Kiti cha F-16 kililazwa nyuma nyuzi 30. Nyaya za chuma kutoka kwenye usukani hadi kwenye mabawa zikaondolewa, zikawekwa za umeme, na katikati akaketi kompyuta. Rubani akivuta kwa hofu apite jii 9, kompyuta humnyima. Fikiria usukani wako ukikwambia, “Hapana baba, hapa tunapindua gari.”

Mwaka 2014 Wamarekani wakaongeza mtambo mwingine kwenye F-16: kompyuta ina ramani ya milima na mabonde, na ikiona ndege imefika mahali ambapo mtu wa kawaida angekuwa ameshavuta usukani, inaichukua yenyewe, inaisawazisha na kuipandisha. Mwaka 2016 huko Arizona rubani mwanafunzi alizirai kwenye mzunguko wa zaidi ya jii 8. Ndege ikapiga mbizi ikipita kasi ya sauti. Mwalimu wake, akiwa kwenye ndege nyingine, alimpigia kelele redioni bila jibu. Mtambo ukaivuta ndege juu, kijana akazinduka akiwa hai. Mtambo kama huo unatengenezwa na mtu aliyekwisha kukubali kwamba rubani atazimika, si aliyengojea daktari amletee rubani asiyezimika.

Fundi mwenzangu, mimi huchomelea viti vya matatu hapa Nakuru. Mteja ananiambia “weka saizi ya kawaida”. Ndege za jeshi hupima vipi kiti cha rubani?

Fundi, mwambie mteja wako hakuna saizi ya kawaida, na kuna ushahidi. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima miili ya marubani zaidi ya 4,000 ili litengeneze chumba cha rubani cha mtu wa wastani. Luteni kijana, Gilbert Daniels, akachukua vipimo 10 vya maana, kama kimo, kifua na urefu wa mkono, akatafuta ni marubani wangapi kati ya 4,063 walio wa wastani katika vyote. Jibu lilikuwa sufuri. Hata mmoja. Mwenye mikono ya wastani ana mapaja marefu, mwenye kifua cha wastani ni mfupi. Jeshi likaamuru viti visogezwe mbele na nyuma, kanyagio zirekebishike, mikanda ikazwe na kulegezwa. Yule ambaye zamani angeambiwa hafai kwa sababu mguu haufiki, sasa kiti kilimfuata.

Kuna kingine utakipenda. Katika Vita Vikuu vya Pili, marubani wa ndege kubwa ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha ndege bado ikikimbia barabarani wanakunja magurudumu. Ndege inalalia tumbo. Ripoti ikaandikwa: kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alikwenda kutazama ndani akaona swichi mbili zinazofanana, moja ya magurudumu, nyingine ya vibawa vya kupunguza mwendo, zimekaa jirani. Mtu aliyechoka, baada ya saa nyingi angani, anashika ile isiyo yake. Akabandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye moja na kipande kama kabari kwenye nyingine, ili mkono ujue bila jicho. Hadi leo mkono wa magurudumu kwenye ndege umechongwa kama gurudumu. Nasikia hasira kila nikifikiria ni wangapi waliolaumiwa kwa kosa la aliyepanga swichi.

Na uimara wa kiti chako? Daktari wa jeshi, John Paul Stapp, alijifunga mwenyewe kwenye kigari cha roketi huko New Mexico tarehe 10 Desemba 1954. Kilifika kilomita 1,017 kwa saa, kikasimama kwa sekunde 1.4. Alipigwa na jii 46.2, macho yakavilia damu, akawa haoni kwa muda. Kabla yake iliaminika kwamba jii 18 ndiyo kikomo cha uhai, kwa hiyo viti vilitengenezwa dhaifu: kiti kiling'oka kabla ya mtu kufa, halafu mtu akafa kwa kiti kung'oka. Baadaye Stapp alihangaika sana kupigania mikanda ya magari, maana aliona jeshi likipoteza marubani barabarani karibu sawa na angani. Nyie mliopigwa na sheria za Michuki mwaka 2004 mkafunga mikanda kwenye matatu, mna jamaa huyo wa kushukuru au kumlaani.

Nikimalizia fundi kwa fundi: kiti cha kufyatuka cha Martin-Baker kilijaribiwa na mtu hai angani tarehe 24 Julai 1946, kwenye ndege ya Meteor. Aliyefyatuliwa hakuwa rubani. Alikuwa fundi wa kampuni hiyo, Bernard Lynch. Alivuta pazia likafunika uso wake, na hilo pazia lilikuwa na hila: mikono ikilivuta kutoka juu ya kichwa, mgongo hunyooka wenyewe, na baruti inapolipuka chini ya makalio pingili haziponzwi na kuinama. Alitua salama. Mimi nilikunja parachuti nyingi sana, na hakuna hata moja niliyowahi kusikia ilifunguka kwa dharura. Nimelala usingizi mzuri kwa sababu hiyo.

Mulembe, mzee. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika hospitali ya macho ya Sabatia, hapa kwetu Vihiga. Aliwekewa kioo kidogo ndani ya jicho. Muuguzi akasema jambo hilo lilitokana na marubani wa vita. Alikuwa anamtuliza mama tu?

Mulembe muno, dada. Muuguzi alisema kweli. Agosti 1940 rubani Mwingereza Gordon Cleaver alipigwa risasi akiwa kwenye ndege yake ya Hurricane. Kifuniko cha chumba chake, ambacho ni plastiki ngumu inayoitwa Perspex, kilipasuka na vipande vikamwingia machoni. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi. Jicho moja halikuokoka. Daktari Harold Ridley, aliyewatibu marubani wa namna hiyo, aliona kitu kwenye lile lililobaki. Vipande vilikuwa vimekaa humo bila jicho kuwaka wala kuvikataa, jambo ambalo mwili haukubali kwa kitu kigeni.

Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, Ridley alimtoa mgonjwa mtoto wa jicho, akaandaa mahali pa lenzi ya plastiki ya jamii ile ile. Kabla ya hapo aliyetolewa mtoto wa jicho alibaki na miwani minene kama chini ya chupa ya soda. Madaktari wenzake walimbeza kwa miaka mingi. Na Cleaver mwenyewe, alipozeeka, lile jicho lake moja likaingia mtoto wa jicho, naye akawekewa lenzi. Msalimie mama. Mwambie ana kipande cha ukoo wa Hurricane jichoni.

Mzee, nauza karoti kutoka Molo. Je, ni kweli marubani walikula karoti wakaona gizani? Nataka kuandika bango.

Waingereza walitangaza hivyo vitani, wakimtaja rubani wao John Cunningham aliyekuwa akitungua ndege za Wajerumani usiku. Siri ilikuwa rada iliyofungwa ndani ya ndege yake. Aliyepungukiwa vitamini A kweli hupata upofu wa usiku, na karoti humfaa. Aliyetosheka hata akila gunia zima hataona zaidi. Andika “tamu” kwenye bango, inatosha.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Kakamega. Nikitazama hizi droni najiuliza: kati ya daktari, mhandisi na kompyuta, rubani bado ana kazi gani?

Mwalimu, heshima zako. Swali hili nimelibeba tangu siku nilipoacha kazi, na nimelijibu tofauti kila mara.

Oktoba 2001 droni ya Predator ilirusha kombora Afghanistan. Baada ya hapo marubani wa droni wengi waliketi kambi ya Creech, Nevada, ndani ya chumba kama kontena, wakitazama nchi iliyo upande wa pili wa dunia. Jii ni 1, ile ile uliyo nayo wewe kwenye kochi. Hewa ni ya kawaida. Ukiangalia haraka unadhani mwili umeondolewa kwenye hesabu, na daktari aende likizo.

Madaktari wa jeshi walipowachunguza watu hawa walikuta uchovu na msongo mzito. Zamu ndefu za kukodolea skrini, usiku na mchana vikibadilishana, watu wachache kwa kazi nyingi. Mtu anamfuatilia mwanamume mmoja kwa siku kadhaa, anajua anapooga na anapochezea watoto wake, kisha anaamriwa kufyatua, na anabaki kutazama kilichofuata. Halafu anaendesha gari kwenda nyumbani, anapitia dukani kuchukua maziwa. Rubani wa mwaka 1944 alirudi kambini kwa wenzake waliotoka moto ule ule. Huyu anarudi kwa mkewe anayemuuliza kama amelipa ada ya shule.

Tazama mzunguko wenyewe. Mwaka 1914 ndege ilitumwa kutazama, na dereva wake alikuwa mtu mdogo nyuma ya darubini ya ofisa. Miaka mia baadaye kazi imerudi kuwa ya kutazama. Mikono ilichukuliwa na kompyuta, damu ikashikwa na vazi, mgongo na kiti. Kilichobaki kwake ni kuamua na kubeba alichoamua, na hicho sijakiona kikishonewa vazi.

Kuna kijana wa jirani yangu huku Kiamunyi aliyeniambia juzi kwamba mtu kama mimi ningeipata kazi hiyo, kwa vile haina kizunguzungu. Nikamwambia aangalie kiti chenyewe: hakina barakoa, hakina vazi la kujaza upepo, hakina parachuti ya kukunja. Wangeniajiri nifanye nini, nifute vumbi?